Mafundo Matatu Kilimani

Harufu ya udi wa vijiti hunikamata mtaani kwetu Greyville kabla sijaliona duka lenyewe. Mwenye duka ni Mhindi wa hapahapa Durban, mtu ambaye babu wa babu yake alizikwa huku, na kila asubuhi akishafungua mlango huwasha vijiti viwili mbele ya picha ndogo ukutani, kisha anarudi kupanga vitunguu vyake. Mimi nina duka la simu milango mitatu kutoka kwake, kwa hiyo moshi ule naupata kila siku iendayo kwa Mungu, na kila siku unanipeleka palepale: ngazi za mawe zilizolowa umande, mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili, na bibi mmoja mwenye magoti mabovu ameushika mkono wangu, ananihesabia vidato kwa Kimarathi. Ningependa kusema kwamba ni kumbukumbu tamu. Watu wakisikia kwamba niliishi India utotoni, macho huwang'aa, wakidhani nitawasimulia tembo na harusi, nami huwapa tembo na harusi wanavyovitaka. Haya ninayoyaandika hapa sijapata kumsimulia mgeni.

Tulitoka Bukavu, Kongo, nikiwa na miaka kumi. Papa alikuwa mwalimu wa historia, akapata nafasi ya kusoma shahada ya pili katika mji wa Pune. Alitangulia mwaka mmoja, kisha akatuita mama, mimi, na mdogo wangu Amani aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Tulipanga vyumba viwili vya chini katika nyumba ya mjane mmoja wa Kihindu. Juu alikaa yeye, mwanawe na mkamwana wake. Kila mtu alimwita Aji, yaani bibi kwa lugha yao, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye kipini puani na sauti ya kuamrisha hata anapokubembeleza. Wiki yetu ya kwanza watoto wa mtaa walinifuata wakizivutavuta nywele zangu waone kama zitang'oka. Aji akatoka na ufagio, na tangu siku hiyo hakuna aliyenigusa. Alinishonea sare ya shule kwa cherehani yake ya miguu kabla mama hajajua aulize wapi. Jioni alinikalisha kati ya magoti yake akanipaka mafuta ya nazi kichwani, akilalamika kwamba nywele zangu zinakunywa mafuta kuliko taa. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwa Kimarathi nilichokuwa nakizoa uwanjani, na kwa vidole. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba mtu niliyemkosea hakuwa amenikosea hata kwa jicho.

Kulikuwa na huzuni moja katika nyumba ile. Mkamwana wa Aji, mwalimu wa chekechea, mwembamba na mcheshi, alikuwa ameshaharibikiwa na mimba tatu. Watu wazima walilizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo mtoto huisikia vizuri zaidi. Mvua kubwa zilipokatika mwaka ule akawa mjamzito tena, mimba changa, na nyumba nzima ikaanza kutembea kwa ncha za vidole. Mwanawe Aji aliacha kupiga honi ya pikipiki yake langoni. Mama naye, bila kuambiwa, aliacha kutwanga wakati mkamwana amelala.

Ndipo Aji alipomwambia Papa kwamba Alhamisi inayofuata anapanda kilima, kama alivyofanya kila mwaka mvua zikiisha, na kwamba safari hii anataka twende naye kama familia. Kilimani kulikuwa na ngome ya kale, hekalu la mungu wao mmoja wa kike, na kaburi la sharifu wa Kiislamu ambaye Wahindu na Waislamu wote walimwendea kwa shida zao. Papa aliposikia neno ngome aliacha kula. Alikuwa mtu wa namna hiyo: mpe ukuta uliobomoka na atasahau kama ana watoto. Mama aliuliza swali moja tu, kama huko watu wanaabudu sanamu, na Papa akamjibu kwamba historia si ibada, na kwamba hata Daudi mfalme alikuwa na ngome. Mama akafunga vitafunio, lakini usiku na asubuhi alituombea kama watu wanaokwenda vitani.

Basi lilitushusha chini ya kilima kungali na ukungu. Nimepanda vilima vingine tangu hapo, na nimeishi juu ya kimoja hapa Durban, lakini mwili wangu bado unakijua kile. Majani yalikuwa mabichi kupita kiasi, na miteremko yote ilikuwa imefunikwa maua madogo ya manjano, kana kwamba mtu amemwaga unga wa binzari kutoka juu. Wanawake walitupita na mizigo ya kuni kichwani, hawahemi, huku sisi tukipumzika kila kona kwa kisingizio cha kutazama mandhari. Aji alipanda ubavu ubavu, kama kaa, kwa sababu ya magoti, na alikuwa amenichagua mimi niwe mkongojo wake. Kila baada ya vidato kumi alisimama, akashusha pumzi, akanifundisha kuhesabu upya. Mkono wake ulikuwa na jasho na ulinuka karafuu. Nilijivuna kuchaguliwa, na sikutaka kilima kiishe.

Papa alitangulia na kurudi, akatangulia na kurudi, kama mbwa aliyefunguliwa. Langoni alitusimamisha wote tuone mbao nene zilizopigiliwa misumari ya chuma mirefu kama mkono wangu, imepangwa juu kabisa. Akatueleza kwamba iliwekwa hapo ili tembo wa adui asithubutu kulisukuma lango kwa kipaji cha uso. Aliniambia niguse ukuta nitaje mawe yake yameunganishwa kwa kitu gani. Nikasema saruji. Akacheka akasema ni chokaa, na Aji akaongeza kwamba waashi wa zamani waliichanganya chokaa na sukari guru, ndiyo maana ukuta ni mtamu na hauanguki. Tuliona mzinga mkubwa umelala majanini, umeshika kutu, mdomo wake umejaa nyasi, na Amani akapandishwa juu yake apigwe picha. Tuliona mabirika yaliyochongwa ndani ya mwamba wenyewe, maji yake meusi na baridi mpaka yanauma meno. Papa alikinga viganja akanywa, akasema askari waliozingirwa humu waliishi kwa maji haya haya. Alikuwa na furaha ambayo sikuiona tena usoni pake, wala hapa Durban alikofia. Nakumbuka kwamba mama pia alicheka siku hiyo, mara mbili.

Kwenye kilele njia iligawanyika. Papa alikwenda kupima kuta kwa hatua zake, mama akakataa katakata kupita karibu na hekalu wala kaburi, akakaa kivulini na Amani, karibu na wanawake waliouza mtindi katika vibakuli vya udongo. Aji alinyoosha mkono, nikaushika. Mama alitutazama lakini hakunikataza, maana bibi wa watu atashukaje zile ngazi peke yake. Kaburi lilikuwa jumba dogo lililopakwa chokaa nyeupe, lina kitambaa cha kijani mlangoni na harufu ya waridi na udi. Wanawake hawakuingia ndani. Walisimama nje kwenye dirisha la jiwe lililotobolewa matundu matundu, na kila tundu lilikuwa limefungwa nyuzi, nyekundu kwa manjano, mamia kwa mamia, nyingine mpya na nyingine zimepauka mpaka zimekuwa nyeupe. Aji akavua ndala, akafunika kichwa, akatoa blauzini uzi wake. Alikuwa ameusokota pamoja na kipande chembamba cha sari ya kijani. Sari ile niliijua. Ilikuwa ya mkamwana wake. Akaupitisha kwenye tundu, akafunga fundo la kwanza, la pili, la tatu, macho amefumba, midomo inatembea, na katika maneno yote nilitambua jina la yule mwanamke tu.

Hapa lazima nieleze nilikuwa nimelelewa wapi. Bukavu nilikulia chini ya viti vya chumba cha maombi, na huko nilisikia mambo yasiyo ya umri wangu. Kulikuwa na mwanamke asiyezaa aliyeletwa siku moja akilia. Baada ya kufunga na kuomba ikasemekana kwamba mavyaa wake alichana kipande cha kitenge chake, akakipiga mafundo, akakizika kizingitini. Ndivyo alivyomfunga kizazi. Kipande kikachimbuliwa, mafundo yakafunguliwa mbele yetu, watu wakaimba, na mama yangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Mwaka uliofuata yule mwanamke alikuja na mtoto mgongoni. Mimi niliyaona haya kwa macho yangu, kutoka chini ya kiti. Sasa nipo kilimani, na mbele yangu yupo mavyaa, kipo kipande cha nguo ya mkamwana, yapo mafundo matatu, na mimba tatu zimeshaharibika. Mwenye macho haambiwi tazama. Nilimtazama Aji, mikono ile iliyonipaka mafuta, nikarudi nyuma hatua moja. Mtu mwingine yeyote duniani angeona bibi anayeomba. Mtoto wa chumba kile cha maombi aliona mchawi.

Tulipofika kwa wauza mtindi nilisema nimesahau kitambaa changu cha kichwa. Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimekiweka mfukoni. Nilikimbia, nikautafuta uzi wa kijani, nikaanza kuufungua. Kucha hazikuweza. Nikatumia meno. Ladha yake naijua mpaka leo, binzari na jasho na vumbi la chokaa. Kila fundo lilipolegea nilisema kwa jina la Yesu, kama nilivyosikia wakubwa wakisema, na la tatu lilipoachia nilihisi nimekuwa mtu mkubwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifunga wa kwake alinitabasamia. Nikauchomeka uzi ndani ya soksi nikarudi. Aji alikuwa ameninunulia mtindi, ameutia sukari zaidi kwa sababu alijua napenda. Niliula wote.

Uzi niliuhifadhi ndani ya kopo la kalamu, chini ya rula, sikumwambia mtu. Nilijiona shujaa wa siri. Mimba ile haikuharibika. Ilipita mwezi wa tatu, wa tano, wa saba, na kila mwezi nilimtazama Aji nikiwaza, umeshindwa. Hata hivyo niliendelea kukaa kati ya magoti yake na kula chapati zake. Mtoto alizaliwa katika joto kali la kabla ya mvua, wa kiume, analia mpaka mtaa wa pili. Aji alishuka na sahani ya peremende za maziwa, akambusu mama mikono yote miwili, akanitia moja kinywani kwa vidole vyake. Nilitafuna nikijiambia kwamba yule mtoto ni wa kwangu kwa sehemu, nimemfungua mimi. Majivuno ya mtoto hayana breki.

Siku arobaini zilipotimia Aji akapanda kilima peke yake. Aliondoka asubuhi na kurudi jioni, akaketi kwenye ngazi ya nyumba bila kuvua ndala, uso umemshuka. Niliketi kando yake. Kwa Kiingereza chake kilichovunjika alinieleza desturi ambayo sikuwa nimewahi kuuliza: uzi hufungwa siku ya kuomba, na ombi likijibiwa, aliyefunga hurudi kuufungua, ndiyo shukrani yake. Wengine hufungua uzi wowote watakaoushika, alisema, lakini yeye aliahidi kuufungua wake, ndiyo maana aliutia alama ya sari. Fundo moja kwa kila mtoto waliyempoteza, ili wasisahauliwe huyu akija. Ameutafuta tundu kwa tundu mpaka macho yakamuuma. Haupo. Kisha akauliza, si mimi hasa, "Nitamshukuruje? Na kama hataki shukrani yangu, atamfanyaje mtoto?" Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kulielewa papo hapo, lote kwa mara moja, jambo baya nililolitenda.

Usiku ule niliamua kumrudishia. Kweli niliamua. Nilipanga maneno ya Kimarathi kitandani, nikaamua nitampa nikirudi shuleni kesho yake. Niliporudi nilimkuta mama amesimama jikoni, kopo langu la kalamu liko wazi mezani, uzi unaning'inia kwenye uma kwa sababu hakutaka kuugusa. Alikuwa anatafuta kalamu ya kuandika barua kwa dada yake. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Riziki, iko nini hii? Nani alikupa?"

Papa alikuwa mkali, na mama akiogopa alikuwa mkali zaidi. Ningesema nimeiba, ningeulizwa wapi. Ningesema kaburini, ningeulizwa ulifuata nini. Jibu moja tu lilikuwa fupi.

"Aji njo alinipa."

Mama hakuuliza tena. Aliwasha jiko, akaushikilia uzi kwenye moto kwa ule uma, akaomba kwa sauti mpaka ukawa majivu, na kipande cha sari kiliungua mwisho kwa moshi mweusi wenye harufu ya nywele. Kisha akanipaka mafuta ya maombi kwenye paji la uso na viganja. Nilisimama nimenyoosha mikono kama mtu anayepimwa nguo. Maji yakimwagika hayazoleki, na uzi ukiungua haufungiki tena kwenye dirisha la mtu.

Tangu siku hiyo hatukula tena chakula cha Aji. Alishusha sahani, mama hakufungua. Nilimwona kupitia pazia akigonga, akingoja, akiinama kwa shida kuiweka chini, na jioni ilikuwa imejaa sisimizi. Nilikatazwa kuketi naye. Mama alimweleza Papa, Papa akasema ni upuuzi, lakini amani ndani ya nyumba ilikuwa na thamani kwake kuliko ukweli wa mwenye nyumba, akaanza kutafuta vyumba kwingine. Na kila Alhamisi Aji alipanda kilima kuutafuta uzi wake. Mvua zilianza, ngazi zile zikawa utelezi mtupu, mwanawe akamgombeza kwa sauti tuliyoisikia chini, naye akaenda. Alirudi amelowa, sari imechafuka matope mpaka magotini, akapita mbele ya mlango wetu polepole, akishika ukuta. Alhamisi tano nilihesabu. Ya sita alinikuta langoni peke yangu. Aliinama akanishika kidevu, akaniuliza kwa utaratibu, kwa maneno ambayo alihakikisha nitayaelewa, "Mtoto, nimewakosea nini?" Nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa na maneno yote ya Kimarathi niliyoyapanga usiku ule, hakuna lililopotea, na sikusema hata moja. Wiki iliyofuata tulihama, na kabla mwaka haujaisha tukaondoka India.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sijui walikuwa wanamzungumzia nani. Yangu imetoka Pune, ikarudi Bukavu, ikakimbia vita mpaka mpakani, ikapita nchi nne, ikafika Durban, na bado ina nguvu. Tulipofika huku mama alijiunga na kanisa la Wakongo na Warundi linalokodi ukumbi mtaani kwetu, na kila mwaka, wiki ya shukrani, alisimama kutoa ushuhuda mmoja ambao watu waliupenda kuliko mahubiri: jinsi Mungu alivyomwokoa binti yake na bibi mmoja wa Kihindi aliyemlisha, akamshonea, akampaka mafuta, kumbe anamfunga kwa uzi wa kishetani. Aliusimulia vizuri. Hakuwa anadanganya, alikuwa anaamini kila neno, kwa sababu mwanawe ndiye aliyemwambia. Na kwa kuwa kanisani wanakuja pia Wazulu na Wazimbabwe, na kwa kuwa mimi ndiye ninayejua Kiingereza kizuri, anayesimama kando yake na kipaza sauti cha pili kutafsiri ni mimi. Mtoto wa miaka kumi na moja alisema maneno matatu, jikoni, kwa woga. Mwanamke wa miaka arobaini ameyarudia kwa lugha mbili, mbele ya watu, kwa miaka kumi na miwili, amevaa kitenge kizuri. Wa pili hana utoto wa kumtetea.

Ningeendelea hivyo, naogopa, kama si binti yangu. Mwaka jana, wakati wa sikukuu yao ya taa, yule jirani mwenye duka alitugawia sisi wapangaji wote wa mtaa visahani vya peremende za maziwa. Binti yangu alipeleka chake nyumbani. Mama, ambaye miaka yote hii hutembea mitaa miwili zaidi ili asinunue vitunguu kwa Mhindi, alikimwaga kwenye pipa na kumnawisha mtoto mikono. Jioni binti yangu alikuja dukani, akakaa juu ya boksi la chaja. "Eish, Mama," aliniuliza, "huyu mzee amemfanyia nini Koko?" Koko ndivyo anavyomwita bibi yake. Ana miaka kumi na moja. Nikasema nitamweleza siku nyingine, naye akanitazama kama mtu anayejua kwamba hiyo siku haipo.

Jumamosi ya wiki ile mama alikuwa jikoni akichambua sombe, majani ya muhogo yamejaa beseni. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya shukrani. Nilifunga mlango, nikasema yote bila kupumzika, nikimwangalia mikono na si uso. Kwamba Aji hakunipa. Kwamba nilifungua mwenyewe kwa meno. Kwamba uzi ulikuwa wa kuombea mtoto, na mafundo yalikuwa ya kuwakumbuka waliokufa.

"Unasema nini weye?" mama alisema. Mikono ilikuwa imesimama juu ya majani.

"Niliogopa fimbo, Mama."

"Donc, njo maana alikuwa anapanda kila Alhamisi. Mu mvua ile." Alilisukuma beseni kando kidogo. "Nilimufungia mulango yule mama. Alikuwa anagonga, na mi niko ndani naomba asiingie." Nilidhani atalia au atanipiga, pamoja na umri wangu. Hakufanya lolote. Alichukua jani, akaliweka chini, akachukua jingine. "Miaka yote hii nasema uongo mbele ya Mungu, na weye uko pembeni yangu unatafsiri."

Alipomaliza beseni alisema tu, "Kesho nitasimama." Sikujua atasimama na nini, na sikuthubutu kumuuliza. Usiku nilijiambia kwamba atasema ukweli na mimi nitautafsiri, na hata kama watu wataondoka wakinong'ona habari zangu, mzigo utakuwa umetua. Nilikuwa tayari kwa aibu, au hivyo nilivyodhani.

Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Safu ya mbele walikaa wageni, wanawake wanne wa Kizulu waliokuja na mfanyakazi mwenzao kutoka kiwanda kimoja cha mtaa wa Jacobs. Mama akaitwa. Alipanda polepole, magoti siku hizi yanamsumbua, akashika kipaza sauti, nami nikashika changu. Alianza kama kawaida: India, mume msomi, nyumba ya mjane. Akasimulia kilima, lango la misumari, maji ya mwambani. Nilitafsiri. Akasema bibi yule alikuwa na upendo, akarudia neno upendo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilitafsiri. Akafika jikoni, kopo la kalamu, uzi wa kijani. "Nikamuuliza mutoto wangu, hii kitu nani alikupa?" Nilitafsiri. Kisha mama akanyamaza. Alishusha kipaza sauti mpaka kifuani, akanigeukia, akaningoja. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa ameniachia sentensi moja, jibu langu mwenyewe, nilitoe upya mbele ya watu wote, na alikuwa tayari kusimama pale mpaka jioni. Ukumbi ulitulia hata nikasikia feni. Nikafungua mdomo, na kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile nzuri ya kila mwaka, nikasema mtoto alijibu: bibi ndiye aliyenipa.

Wageni walitikisa vichwa. Watu wakasema amina. Mama alikuwa bado hajasema neno.